Anaonja Kabla ya Kupakua

Jumatatu, 3 Machi

Leo ofisini kaingia mteja ambaye hata kwa ramli nisingembashiri — mama mkwe!

Miaka minne nimeolewa na mwanawe, hajawahi hata siku moja kupanda ngazi za ofisi yetu. Kwake kazi yangu ni "kuikodolea macho kompyuta mpaka macho yaishe". Leo kaja mwenyewe, mkoba kaubana kwapani kama kabeba mayai. Kamsalimu bosi wangu — tunamwita Darubini kwa ajili ya miwani yake — kisha akamwomba atupishe. Katika ofisi yake! Darubini kachukua kikombe chake cha chai, huyoo, nje. Umri ule haubishiwi.

Kafunga mlango. Kakaa. Akaniuliza kama ni kweli tunatafuta sarafu za mtandaoni zilizoibwa. Nikasema ndiyo, Mama, ndiyo kazi yetu.

"Basi zitafute zangu."

Kiinua mgongo chake! Miaka thelathini na moja kakagua vitambaa kiwandani, akistaafu kapewa hicho. Kamwendea wakala, akabadilishiwa sarafu za kidijitali, zile ambazo kila moja thamani yake ni dola moja. Elfu sita na mia nne. Akazipeleka kwenye "mradi" — programu ya simu, faida kila wiki, na mshauri mwenye sauti ya asali anayempigia asubuhi kumuuliza kaamkaje. Mwezi mzima faida inapanda kwenye skrini. Ijumaa programu haifunguki. Mshauri hapatikani.

Sikucheka. Wala sikuhubiri. Nilimshika mkono tu. Ndipo akanibana niape kwamba mwanawe hatajua. Mwanawe ndiye mume wangu, mwalimu wa hesabu — hata mimi namwita Mwalimu. Kwa Mama, kichwa kama kile Mungu alifinyanga kimoja, kalibu akaitupa.

"Akijua mama yake katapeliwa kama mtoto, uso wangu nitauweka wapi?"

Nikaapa. Sijui kama nimefanya la maana.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza na anwani ya pochi ya kidijitali ambayo Mama alitumia kutuma. Kazi yetu watu huidhania uchawi. Hakuna uchawi. Kila sarafu ikihama, inaandikwa kwenye daftari la wazi, mnyororo wa kumbukumbu ambao mtu yeyote duniani anaweza kuusoma na hakuna wa kuufuta. Tatizo majina hayamo. Kuna anwani tu, msururu wa herufi na namba kama paka katembea juu ya kibodi.

Sarafu za Mama zilipita pochi mbili zikaingia kwenye pochi moja kubwa. Humo zilikaa na za wengine mwezi mzima. Halafu Ijumaa, siku ile ile programu ilipokufa — zoote zikamwagwa kwenye daraja.

Nalichukia daraja. Sarafu zinaingia upande huu wa mnyororo mmoja, upande wa pili zinatoka nyingine kwenye mnyororo mwingine kabisa. Daftari jingine, anwani nyingine. Ni mtu kuingia hotelini na koti jeupe, akatokea mlango wa nyuma na koti jeusi. Na mwizi huyu kazigawa mafungu matano yasiyolingana, akayapitisha saa ambayo daraja limefurika. Upande wa pili wametoka zaidi ya mia tatu. Yupi ni yupi?

Mama kapiga simu mara tatu. "Zimefika wapi?" Kama anaulizia mgeni aliye safarini. Nikamwambia zimefika darajani. Akaniuliza mto gani.

Jumatano, 5 Machi

Bado darajani. Macho yananiwasha.

Nyumbani nako, fundi wa makabati ya jikoni hajaja tena! Tangu Januari sufuria zangu zinalala kwenye maboksi. Mwalimu anasema tumvumilie, fundi ana mgonjwa. Wiki iliyopita alikuwa na msiba. Fundi huyu ana balaa zake! Nikasema nipe namba yake nimpe pole mwenyewe. Mwalimu kaanza kuosha vyombo huku anapiga mluzi. Mume wangu! Vyombo! Nikamwongezea vikombe, neema haichunguzwi.

Ijumaa, 7 Machi

LEO!

Nianze mwanzo. Saa tatu Mama kaingia ofisini, na chupa ya chai, na miwani ya kusomea, na rula. Kasema amechoka kuambiwa "bado". Anataka kuona. Darubini kanikonyeza: mwache. Nikamfungulia orodha ya pochi ile kubwa kwenye skrini. Hapana, skrini inamrukaruka machoni, anataka karatasi. Tukachapisha. Kurasa arobaini! Darubini kauonea uchungu wino wake kimoyomoyo, nimemwona.

Mama kaweka rula chini ya mstari wa kwanza. Akaanza kushuka. Mstari, rula. Mstari, rula. Kumbe ndivyo alivyokaa miaka thelathini na moja, kitambaa kinapita mbele yake na yeye anatafuta uzi mmoja uliokatika. Mimi nikarudi kwenye hesabu zangu za kujumlisha mafungu, ambazo hazikuwa zikijumlika.

Pochi kubwa ile kaipachika jina Bwana Tumbo, kwa sababu inameza tu.

Kama saa sita hivi akasema, bila kuinua kichwa, "Huyu Bwana Tumbo ana uoga."

Nikauliza uoga gani.

"Kila akitaka kutoa mzigo kwenda mahali papya, kwanza anatoa kumi na moja. Kumi na moja, anangoja. Halafu ndiyo mzigo. Tazama hapa. Na hapa. Anaonja kabla ya kupakua."

Nikaruka kwenye kiti! Kweli. Kabla ya fungu la kwanza kuingia darajani, sarafu kumi na moja kamili. Dakika nne, ndipo fungu. Anajaribu njia kama salama! Mimi nilikuwa nimeziruka zile kumi na moja kama makombo. Siku tatu nahangaika na minofu, jibu liko kwenye makombo!

Basi nikaacha mafungu, nikatafuta kitu kimoja tu upande wa pili: kumi na moja iliyokatwa ada ya daraja. Nikaipata. Kumi na senti tisini na nne, imetoka saa nane na dakika tatu, ikaingia kwenye anwani mpya isiyowahi kupokea chochote tangu iumbwe. Na baada yake, kwenye anwani hiyo hiyo — fungu, fungu, fungu, fungu, fungu. Matano yote!

Nimepiga ukelele mpaka fundi viatu wa chini akaja kuuliza kuna moto au kuna harusi. Darubini kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena, kamwambia Mama kama anatafuta ajira kiti kipo. Mama kasema mshahara wake mkubwa, hamtauweza.

Nimemsindikiza mpaka njia panda. Tulipoagana akasema, "Kumbe hukodolei tu." Basi. Nimeyabeba maneno hayo mpaka nyumbani kama keki.

Jumamosi, 8 Machi

Mama kaja kutusalimu. Tumekaa uani tunaanua nguo, kila Mwalimu akipita tunazungumzia sabuni. Mara ya nne akasimama. Anauliza ni sabuni gani hii yenye mazungumzo marefu hivi. Mama kamjibu, "Ya kuondoa madoa sugu." Nilizamisha uso kwenye shuka nicheke.

Jumatatu, 10 Machi

Mnyororo wa pili nimeumaliza. Huko mwizi kabadilisha sarafu kuwa za aina nyingine, kapumzika siku moja, kavuka daraja la pili kwenda mnyororo wa tatu. Na alionja nini kwanza? Kumi na moja! Mtu anaweza kubadilisha pochi mia, mazoea yake atayaacha wapi? Mwenda pole hajikwai, wanasema. Huyu kajikwaa kwa huo upole wake.

Kwenye mnyororo wa tatu nimemaliza kwa nusu saa. Najua cha kutafuta sasa.

Mama kapiga. "Zimefika wapi?" Nikasema zimeingia sokoni. "Sokoni kununua nini?" Nikamweleza: soko la kubadilishia sarafu, kampuni yenye ofisi na wafanyakazi. Pale hufungui akaunti bila kitambulisho na picha ya uso. Maana yake mwishowe, nyuma ya zile herufi za paka, kuna mtu mwenye pua na masikio.

Mama kasema, "Mshikieni hapo hapo!"

Jumanne, 11 Machi

Kushika ndiyo kazi. Soko halimsikilizi kila anayepiga kelele. Linataka namba ya jalada la polisi. Basi asubuhi tumekwenda, mimi, Darubini na Mama, dawati la makosa ya mtandao. Afande mpole, mnene, anachapa kwa kidole kimoja. Kila herufi anaitafuta kama kaidondosha yeye. Kamuuliza Mama mali iliyoibwa ilikuwa na rangi gani, maana fomu inataka rangi.

Mama: "Afande, ningezijua rangi ningekuja nazo."

Afande kacheka mpaka kidole kikapoteza njia. Kaandika "haina rangi". Jalada limefunguliwa!

Darubini ametuma ripoti yetu yote sokoni: mistari, madaraja, saa, kumi na moja zote. Jioni hii wamejibu. Wameizuia akaunti! Ndani yake kuna elfu thelathini na moja. Hazijatoka!

Lakini. Wanazuia siku saba tu, mpaka Jumanne. Kabla ya hapo wanataka lalamiko la pamoja la waliotapeliwa. Fomu moja, kila mtu jina lake, anwani ya pochi yake, kiasi, sahihi yake kwa mkono. Asiyesaini hahesabiwi. Na wasipofika nusu ya kiasi kilichomo, akaunti inafunguliwa.

Basi sasa narudi nyuma. Kwa Bwana Tumbo. Nijue ameshiba kwa nani.

Jumatano, 12 Machi

Ishirini na tatu. Hao ndio waliomlisha. Darubini kaandika kwenye lile kundi la simu ambalo "mshauri" aliwaunganisha — mwizi kajitoa, waathirika wamebaki wakililia humo. Mmoja mmoja wakaanza kutuma anwani zao. Mshona nguo. Dereva wa lori. Nesi na dada yake. Mstaafu wa posta anayeandika kwa herufi kubwa tupu. Hadi saa nane nilikuwa na watu kumi na wanane, Mama akiwemo.

Nikabaki na anwani tano zisizo na mwenyewe. Nikazisoma moja moja.

Ya tatu ikaniangalia.

Namba zake za mwisho nne ni tarehe ya arusi yetu.

Naijua anwani ile. Niliifungua mimi! Mwaka juzi, sebuleni, kwenye simu ya mume wangu, nikimfundisha kazi yangu inavyokwenda. Tukajaribu anwani nyingi mpaka ikatoka yenye tarehe yetu, akasema hii ndiyo bahati yetu.

Tarehe kumi na tano Januari. Sarafu elfu moja na mia tisa.

Bei ya makabati. Kamili, mpaka bawaba.

Nilikwenda msalani nikajifungia. Hasira kwanza. Halafu nikamkumbuka yule fundi, na mgonjwa wake, na msiba wake, masikini wa Mungu ambaye pengine hata kupewa kazi hakupewa — nikaanza kucheka peke yangu. Darubini kagonga mlango, kaniuliza kama naumwa. Nikasema ni familia.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemngoja getini shuleni. Wanafunzi wametoka, yeye kaja na daftari za kusahihisha kifuani. Nikamuuliza, "Fundi hajambo?"

Kaanza. Fundi sasa kavunjika mguu.

Nikamwambia, "Bwana Tumbo je, yeye hajambo?" Hakuelewa. Nikamtajia tarehe. Nikamtajia kiasi. Daftari zikaanza kumteleza moja moja.

Tulikaa kwenye kibaraza cha maktaba. Kaniambia yote bila kuulizwa tena. Alitaka makabati yaje na friji ya nyongeza, anishangaze. Alipiga hesabu za faida, zikakubali. "Hesabu zilikuwa sahihi," anasema, mkaidi! "Ila waliokuwa wakizitoa walikuwa waongo." Wiki mbili halali. Ule mluzi ulikuwa wa kuficha.

Nikasema ungeniambia. Mimi ndiyo kazi yangu, mume wangu! Ni kama kuoa daktari ukaenda kufia kwa jirani.

Akasema alikuwa akijiandaa kuniambia mimi. Siyo mimi anayemwogopa.

"Usimwambie Mama. Nakuomba. Mama aliuza cherehani yake nimalize chuo. Akisikia hicho kichwa alichokisomesha kimeliwa na simu..."

Akanibana niape.

Nimeapa tena. Viapo viwili tumboni, vinapigana mateke kama mapacha.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda kwa Mama nikiwa nimepanga kumzungukazunguka. Nikamuuliza, hivi huu mradi uliusikia wapi?

Kakunja leso, kakunjua. Halafu akasema alikuja kwetu Januari, Mwalimu kasinzia kwenye kochi, simu iko wazi kifuani. Akaiona programu. Akasoma jina. Hakumwamsha.

"Nikasema, kama mwanangu mwenye kichwa kile yumo, basi hapo hakuna shaka. Nikaingia nyuma yake."

Niliinua kikombe changu cha chai, nikanywa.

Akaendelea, na uso wake ukanawiri kabisa: "Lakini yeye alitoka mapema, bila shaka. Si unamwona anavyopiga mluzi? Ana akili yule. Mimi ndiye mzembe niliyebaki."

Nikasema chai tamu, Mama. Sukari hakuwa ametia.

Sasa nayaona makubwa kuliko sarafu. Mama akijua mwanawe kaliwa, atalia siku moja, atamkumbatia, atampikia. Lakini Mwalimu akijua mama yake kaingia kwa kumwamini yeye... Yule anajua kujiadhibu. Atafanya tuisheni mpaka usiku wa manane miaka mitatu alipe.

Na kusema uongo nimechoka. Siuwezi. Naona haya mbele ya sufuria.

Jumamosi, 15 Machi. Mchana

Soko limeandika asubuhi: fomu yenye sahihi iwe imefika Jumatatu saa sita mchana, siyo Jumanne tena. Darubini kaileta nyumbani mwenyewe kwa baiskeli, kalowa jasho. Wamesaini kumi na saba, wa kumi na nane ni Mama, bado. Nikajumlisha mara tatu, za Mama zikiwemo. Elfu kumi na tatu na mia tisa.

Nusu ya elfu thelathini na moja ni elfu kumi na tano na mia tano. Zimepungua elfu moja na mia sita!

Na kwenye orodha nafasi wazi ni mbili tu ambazo naweza kuzijaza. Wale wanne wengine hawajulikani walipo. Mama yuko orodhani, ndiye aliyeanzisha jalada, ila sahihi yake ilikuwa isubiri mpaka mwisho, kaomba awe wa mwisho kwa sababu ya aibu. Mwalimu, niliyemwandikisha mimi juzi — mstari unaofuata. Mfumo wa soko umeyapanga majina kwa ukoo. Ukoo mmoja! Jina chini ya jina. Hakuna namna ya kusaini moja bila kusoma lingine.

Nimemuuliza Darubini kama tunaweza kukata karatasi. Kaniangalia juu ya miwani. Fomu iliyokatwa haipokelewi.

Nikaliwaza. Nikitangulia kumwambia mmoja, nimevunja kiapo cha mwingine. Nikinyamaza, mshona nguo na nesi na dereva wa lori na yule mzee wa posta watapoteza chao kwa ajili ya haya za nyumba yangu. Basi! Sikuapa kuficha karatasi.

Nimewaita wote wawili mezani. Mama kafikiri ni kwa ajili ya chakula. Mwalimu kafikiri ni kwa ajili ya makabati. Nikaweka fomu katikati, na kalamu juu yake, nikasema, "Hii ni kazi ya ofisini, naombeni msome pamoja. Mimi nafuata chumvi." Nikaingia jikoni. Mlango nimeuacha wazi kidogo.

Naandika hapa juu ya boksi la sufuria. Naandika haraka, mwandiko utakuwa wa kuku.

Mama anasema hana miwani. Uongo, iko kichwani kwake.

Mwalimu anasema, "Mama, ngoja nikusomee mimi." Haraka mno.

Mama anasema, "Kaa chini."

Karatasi imehama. Nimesikia.

Nimechungulia. Vichwa viwili vimeinamia ukurasa mmoja. Mwalimu kidole chake kiko kwenye jina la mama yake. Mama kidole chake kiko kwenye jina la mwanawe. Hakuna aliyeinua macho.

Mwalimu: "Mama... wewe uliingiaje humu?"

Moyo wangu!

Mama anakunja leso. Anasema, polepole, kwamba alisikia kwa watu.

Kwa watu! Mungu ambariki. Kwa watu tu.

Mwalimu anasema kitu sikisikii, sauti imekatika. Kiti kimesogea. Mama anamwambia, "Nyamaza, nyamaza na wewe, mkubwa mzima." Halafu — nani anacheka? Ni kucheka kweli, au? Wote wawili wanatoa sauti ile ile.

Sasa Mama ananiita. "Mkamwana wangu! Chumvi gani hiyo inayochimbwa! Humu ndani kuna kalamu moja tu?"

Ya pili ndiyo hii ninayoandikia. Naipele—